Folda ya Hiari Isiachwe Nje ya Kifurushi

Programu nyingi za chanzo huria zina sehemu za lazima na sehemu za hiari. Chukulia programu ya ramani: kiini chake kimo katika folda ya src, na msimbo wa kuonyesha ramani kwenye skrini umo katika folda ya dirisha. Anayeijenga kwenye seva isiyo na skrini huizima sehemu hiyo kwa kuandika --disable-dirisha anapoendesha configure, kazi ikaendelea.

Utata huja mtunzaji anapoandaa kifurushi cha kuwapa watu. Ikiwa kompyuta yake imezima dirisha, folda hiyo iachwe? Hasha! Cha kujengwa huamuliwa na mtumiaji. Cha kusambazwa huamuliwa na mradi. Mipangilio ya mashine moja isiwanyime wengine msimbo.

Automake, zana ya mradi wa GNU, hutenganisha maamuzi hayo kwa orodha mbili. SUBDIRS hutaja folda za kujengwa, DIST_SUBDIRS za kufungashwa. Ndani ya Makefile.am unaandika:

SUBDIRS = src
if DIRISHA
SUBDIRS += dirisha
endif

Ikiwa sharti DIRISHA limetangazwa kwa AM_CONDITIONAL, Automake huziona njia zote mbili na kuijaza DIST_SUBDIRS yenyewe, folda zote mbili zikiwemo. Lakini ukipitisha jina la folda kwa AC_SUBST, thamani yake hujulikana configure inapoendeshwa tu, wakati Automake imeshamaliza kazi. Hapo huna budi kuiandika DIST_SUBDIRS mwenyewe. Vilevile, taja dirisha/Makefile katika AC_CONFIG_FILES bila sharti lolote, kwa kuwa make dist, amri ya kufungasha, huingia kila folda iliyoorodheshwa, na isipokuta Makefile hukwama.

Kabla ya kutoa toleo, endesha make distcheck. Amri hii hufungua kifurushi, huzuia chanzo kisiandikwe, hujenga pembeni, hupima, husakinisha kisha huondoa. Angalia jambo moja: haifuati chaguo ulizoipa configure mwanzoni. Kama dirisha huzimwa kwa kawaida, msimbo wake hautajengwa kabisa katika ukaguzi huo. Weka --enable-dirisha katika AM_DISTCHECK_CONFIGURE_FLAGS, kisha kagua tena sehemu hiyo ikiwa imezimwa. Kifurushi kikifaulu mara zote mbili, kitoe.