Valvu Isiyopiga Kelele

Mafundi wengi wa nduthi hupima tapeti, yaani nafasi inayoachwa juu ya mkia wa valvu, kwa sikio: injini ikigonga wanakaza, ikinyamaza kazi imekwisha. Mazoea hayo ni mabaya popote, na katika miji inayouzunguka Mlima Kenya yanagharimu zaidi. Kelele huonyesha nafasi iliyozidi tu. Nafasi iliyopungua haina sauti, nayo ndiyo inayounguza valvu.

Kati ya rokaa, yaani mkono unaoisukuma valvu ifunguke, na mkia wa valvu huachwa upenyo mdogo mno. Kwenye Honda CG125, ambayo muundo wake umenakiliwa na watengenezaji wengi wa China, kipimo ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, karibu sawa na unene wa unywele. Upenyo huo ndio unaoiruhusu valvu ifunge kabisa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya ekzosi hufunguka mara 50 kila sekunde, na kila mara hupitiwa na gesi yenye joto la nyuzi mia kadhaa. Njia yake kuu ya kupoa ni kukaa kwenye kiti chake, ili joto lipite hadi kwenye hedi na mapezi yanayopigwa na upepo. Lakini valvu na kiti hulika kwa matumizi. Valvu huzama kidogo kidogo kitini, na mkia wake ukazidi kuisogelea rokaa. Upenyo ukiisha, valvu haikai tena sawasawa. Joto linakosa pa kutokea, gesi inavuja na kuula ukingo wake, na muda wote huo injini imetulia kabisa.

Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, Nanyuki zaidi ya 1,900. Shinikizo la hewa huko ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwa hiyo hata injini nzima hupanda ikiwa na nguvu pungufu. Mwendeshaji anayebeba magunia ya chai mbichi kwenye miinuko ya Othaya, au kabichi kutoka Kieni, hutumia gia ya chini, mafuta yamefunguliwa hadi mwisho, na mwendo ni wa polepole: moto mwingi, upepo kidogo. Nguvu zikipungua, lawama huangukia mlima. Kimo hakirekebishiki, lakini valvu inayovuja huonekana kuwa kimo, na hivyo huachwa hadi ikaungua. Wapo wanaosema baridi ya huku inailinda injini. Inasaidia, ila kidogo: mapezi yana joto la zaidi ya nyuzi 100, hivyo hewa iliyo baridi kwa nyuzi 10 haibadilishi mengi, na hewa hiyo ikiwa nyepesi hubeba joto kidogo vilevile.

Fundi mzoefu atajibu kwamba sikio lake halijawahi kumdanganya. Sikio hilo lina thamani, kwa sababu linaitambua tapeti iliyolegea. Lakini hakuna sikio linaloweza kusikia kisicholia. Wengine huona heri ilegee makusudi. Wana hoja nusu: kulegea kidogo ni afadhali kuliko kukaza, ila ikizidi valvu haifunguki vya kutosha na rokaa inaigonga hadi vyote viwili viharibike. Kupima injini ikiwa ya moto nako ni kosa, maana alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma, na kipimo kinachopatikana hapo sicho kilichoandikwa kitabuni. Kinachohitajika ni geji, yaani vibapa vyembamba vya chuma, na subira.

Basi, mwenye nduthi, iache kwa fundi jioni, ipimwe asubuhi kabla ya kupigwa kiki, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa. Tafuta kipimo kwenye kitabu cha injini yako, kwa kuwa kila aina ina chake, na cha ekzosi huenda kisiwe sawa na cha valvu ya kuingizia. Kisha omba uone kibapa kikipita mwenyewe, nati ikiwa imeshakazwa.