KUTEMBELEA TYKOCIN, MJI MDOGO WENYE KIMYA KATIKA INCHI YA POLANDI



Mara mingi tukisema «Ulaya», akili yetu inakimbia moja kwa moja Brussels, Paris ao London: manyumba marefu, watu wenye kutembea mbio, gari la moshi chini ya udongo. Lakini Ulaya iko pia na miji midogo mingi ambamo hakuna mtu anakimbia. Katika makala hii tunataka kueleza mji mmoja wa namna ile, jina lake Tykocin. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mji mzuri wa kutembelea, na unaonyesha vizuri namna watu wa vijiji vya Polandi wanaishi. Ya pili, kimya chake kiko na sababu. Mgeni asiyejua ile sababu atasema tu «ni pazuri hapa», kiisha atarudi kwake bila kuelewa alichokiona.

1. Mji uko wapi?

Polandi iko upande wa mashariki ya Ujerumani. Mji wake mkubwa ni Warsaw. Ukipanda gari la moshi pale na kwenda kaskazini-mashariki, nyuma ya saa mbili na zaidi utafika Białystok (tunasoma: Byawistok), mji mkubwa wa jimbo la Podlasie. Tykocin (tunasoma: Tikochin) uko karibu kilometa 30 magharibi ya Białystok. Gari la moshi halifiki kule. Lazima kupanda basi, nayo inapita katikati ya mashamba, majani ya ngombe na misitu ya misonobari. Inchi ni sawa kama meza; mtu aliyezoea milima atatafuta mlima bure.

Watu wa mji ni karibu 2000 tu. Shule mbili tatu kubwa za kwetu zikikusanyika zinaweza kupata hesabu ile. Mto Narew unapita kando ya mji pole pole sana. Kila mwaka baridi ikikwisha, theluji inayeyuka, mto unajaa na kufunika majani pande zote. Kiisha maji yanarudi, na majani yanaota mengi kwa ngombe.

2. Mgeni anaona nini?

Katikati ya mji kuna uwanja mkubwa wa soko la zamani. Kandokando yake manyumba ni mafupi, mengine ya mbao, na maua mbele ya madirisha. Upande wa mashariki kuna kanisa kubwa la Wakatoliki lenye minara miwili, lililojengwa katikati ya karne ya 18. Mbele yake katika uwanja kuna sanamu ya jemadari Stefan Czarniecki, aliyepigana na Waswedi katika karne ya 17. Sanamu ile ilisimamishwa mwaka 1763. Karibu na pale kuna nyumba nyingine ya karne ya 17 iliyojengwa kwa kutunza askari wazee waliokwisha kupigana vita. Mwenye kuijenga alijua ya kama askari akizeeka bila jamaa, atakufa njaa.

Ngambo ya mto kuna ngome ya wafalme. Mfalme Sigismund August alipokufa mwaka 1572, maiti yake ililindwa katika ngome hii zaidi ya mwaka moja mbele ya kuzikwa Kraków. Baadaye ngome ilianguka na mawe yake yakachukuliwa. Ile tunayoona leo imejengwa upya kwa sehemu katika karne yetu hii ya 21.

Upande wa magharibi wa mji kuna jengo lingine kubwa la matofali, lenye kuta nene. Ni sinagogi ya Wayahudi, iliyojengwa mwaka 1642. Ndani, katikati kabisa, kuna jukwaa lenye nguzo ine kubwa, pahali pa kusomea Torati. Kuta zimeandikwa maombi kwa Kiebrania, kwa herufi kubwa. Zamani vitabu vilikuwa bei kali; aliyekosa kitabu aliweza kusoma ukutani. Lakini leo hakuna anayeomba pale. Tangu miaka ya 1970 sinagogi ni nyumba ya makumbusho. Ao tuseme: nyumba ya maombi iko, watu wake hawako. Hapo tutarudi mbele kidogo.

3. Salamu na desturi

Katika mji mdogo watu wanasalimiana, hata kama hawajuane. Mchana wanasema «Dzień dobry» (tunasoma karibu: Jen dobri), maana yake siku njema. Ukiingia katika duka bila kusalimu, utaonekana mtu asiyefundishwa kwao. Katika jambo hili wanafanana nasi.

Tena, hawaite mtu mgeni ao mkubwa «wewe». Wanaume wanaitwa «Pan», yaani Bwana, na wanawake «Pani», yaani Mama ao Bibi. Hawamuulizi: «Unataka nini?» Wanasema: «Bwana anataka nini?» kama vile wanasema habari za mtu mwingine. Mwanzo inachekesha, lakini ni heshima.

Siku ya Mungu wengi wanaenda kanisani, kwani sehemu kubwa ya Wapolandi ni Wakatoliki. Maduka makubwa yanafungwa Jumapili nyingi, kufuatana na sheria iliyoanza mwaka 2018. Kwa hiyo mgeni anunue mkate wake Jumamosi.

4. Chakula

Chakula cha Podlasie ni viazi vya kizungu, tena viazi. Wanavikwaruza vikiwa vibichi, wanachanganya na vitunguu na kuchoma ndani ya jiko mpaka inakuwa kama mkate mzito. Wanafanya pia madonge makubwa ya viazi yenye nyama ndani. Kuna supu nyekundu, kuna matango yaliyokaa ndani ya maji ya chumvi, kuna uyoga watu wanaookota wenyewe porini. Mapishi mengine ya viazi yalipikwa katika manyumba ya Wakristo na ya Wayahudi pia. Leo, ukila chakula kile Tykocin, unakula chakula cha majirani wawili, na mmoja wao hayuko tena.

5. Ndege wenye kutoka kwetu

Hapa kuna jambo la kupendeza kwetu Waafrika. Kilometa chache inje ya Tykocin kuna pahali panaitwa Pentowo, panapojulikana sana kwa sababu ya korongo weupe. Ni ndege wakubwa, mabawa yakifunguka ni karibu metre mbili, wenye mdomo mwekundu na miguu myekundu. Wanajenga viota vikubwa juu ya nyumba, juu ya miti na juu ya nguzo za umeme. Watu hawawafukuze, wanawawekea hata gurudumu ao mbao juu ya nguzo, ili kiota kisianguke. Wanasema korongo analeta baraka.

Korongo hawa wanafika Polandi mwisho wa mwezi wa tatu na mwanzo wa mwezi wa ine. Wanazaa, wanalisha watoto vyura na panzi, na katika mwezi wa nane wanaondoka. Wanakwenda wapi? Wanakuja Afrika! Hawapendi kuvuka bahari pana, kwani wanapanda juu kwa nguvu ya hewa yenye moto inayotoka katika inchi kavu. Kwa hiyo wanazunguka kwa Uturuki, wanashuka Misri na Sudani, na kuendelea mashariki na kusini ya Afrika. Wengine wanapita Uganda na Tanzania, na wanaonekana pia katika inchi yetu ya Congo. Basi, ndege unayemwona katika majani yetu mwezi wa kumi na mbili, pengine alizaliwa juu ya nyumba ya mtu wa Podlasie. Hana pasiporo wala visa.

6. Kwa sababu gani mji umenyamaza?

Sasa tufike kwa jambo kubwa. Mwaka 1522 mkubwa mwenye kutawala mji, Olbracht Gasztołd, aliita jamaa kumi za Wayahudi waje kukaa Tykocin, kusudi biashara iongezeke. Walikuja, wakazaa, wakajenga. Kwa miaka zaidi ya 400 Wakristo walikaa zaidi upande wa kanisa, Wayahudi upande wa sinagogi, na siku ya soko wote walikutana katika uwanja ule mmoja. Mbele ya vita ya pili ya dunia, karibu nusu ya watu wa mji walikuwa Wayahudi.

Mwezi wa tisa 1939, Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziligawanya Polandi kati yao. Tykocin iliangukia mikononi mwa Wasovieti. Mwezi wa sita 1941, Wajerumani wa Hitler walishambulia Wasovieti na kuingia katika mji. Miezi miwili tu ikapita. Tarehe 25 mwezi wa nane 1941, Wayahudi wote waliamriwa kukusanyika asubuhi katika uwanja wa soko. Wanaume walipelekwa kwa miguu, wanawake na watoto kwa motokari. Siku ile na kesho yake waliuawa kwa risasi katika msitu wa Łopuchowo, kilometa chache inje ya mji. Mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa. Hesabu zinatofautiana, lakini waliokufa walikuwa zaidi ya elfu moja. Kwa siku mbili mji ulipoteza karibu nusu ya watu wake.

Wachache sana walijificha na kupona. Katika sehemu ile ya inchi kulikuwa Wapolandi waliowaficha Wayahudi, na mwenye kuficha Muyahudi akijulikana alihukumiwa kufa. Kulikuwa pia wengine waliosaidia wauaji ao waliochukua mali ya waliokufa. Yote mawili ni kweli, na historia inayosema moja tu si historia nzima.

Nyuma ya vita, mji ulibaki bila sehemu kubwa ya wachuuzi na mafundi wake. Soko lilipunguka. Sinagogi ilitumiwa kama depo ya mbolea. Mwaka 1950 Tykocin ilipoteza hata cheo chake cha mji, ikahesabiwa kuwa kijiji. Ilirudishiwa cheo kile mwaka 1993. Njo maana leo uwanja ni mkubwa na watu ni wachache. Uwanja ule haukupimwa kwa watu 2000. Ulipimwa kwa mji wenye soko kubwa na mataifa mawili.

Sisi tunaokaa inchi iliyojua vita hatuna lazima ya kuelezwa mingi. Tunajua ya kama kuna kimya cha amani, na kuna kimya cha pahali watu waliondolewa. Tykocin iko na vyote viwili pamoja.

7. Namna nzuri ya kutembelea

Tuseme wewe msomaji siku moja utapata nafasi ya kusoma ao kufanya kazi Ulaya. Ukifika upande ule, fanya hivi:

a) Fika asubuhi na kupita mji mzima kwa miguu, toka kanisa mpaka sinagogi. Haichukui hata nusu saa. Angalia namna manyumba yanavyofuatana, na ujiulize nani alikaa humo.

b) Ingia katika sinagogi. Wanaume wanafunika kichwa, kwa heshima. Usiseme kwa nguvu.

c) Uliza njia ya makaburi ya zamani ya Wayahudi. Utaona majani tu, na mawe machache yaliyoinama, maandiko yake yamefutika. Usikae juu ya mawe yale.

d) Kiisha fika katika msitu wa Łopuchowo. Makaburi matatu makubwa yamezungushiwa uzio katikati ya miti. Vijana wa Israeli wanafika mara kwa mara na kuacha mishumaa na bendera. Mshumaa si lazima. Kusimama kidogo kunatosha.

e) Ukirudi mjini, kula viazi, salimu watu, kaa kando ya mto na utazame korongo. Hakuna ubaya kufurahi pale. Watu wa leo wa Tykocin wanalima, wanafuga, wanafundisha watoto, na wako na haki ya kuishi kwa amani katika mji wao. Wenye kufungua mlango wa makumbusho kila siku na kueleza wageni habari hizi ni Wapolandi wenyewe.

Maulizo ya kufikiri

Kwa wenzetu wa kalasi za chini, tunaacha maulizo matatu. Wenye majibu mazuri wayapeleke kwa mwenye kupanga gazeti letu.

1. Korongo wanapita njia gani toka Polandi mpaka Afrika, na kwa sababu gani hawavuke bahari moja kwa moja?

2. Uwanja wa soko unaweza kutufundisha nini juu ya hesabu ya watu wa zamani?

3. Katika kijiji chako ao mtaa wako, kuna nyumba, shamba ao jina la pahali lenye kubaki nyuma ya watu wasiokuwako tena? Uliza wazee wako mbele ya kuandika.