Kicheko cha Mafia kinachomhusu msafiri wa Kathonzweni

Tuseme wewe ni mtu wa Kathonzweni unayefanya kazi Nairobi. Desemba imefika. Umefungasha sukari, mchele na blanketi la mama, na pamoja na watoto na mke ambaye hajawahi kuonja muthokoi mmepanda basi la kupitia Wote. Njiani unawasifia kwenu kana kwamba hakuna jua kali wala ukame. Lakini moyoni una wasiwasi: je, wazee watampokeaje huyu bibi wa mjini?

Kama safari hiyo unaijua, msomaji, basi nusu ya sinema ya Kitaliano iitwayo Mafioso tayari unaijua. Ilitengenezwa na Alberto Lattuada mwaka wa 1962, nayo ni ya kuchekesha, angalau mwanzoni.

Wengi wetu tukisikia vichekesho vya Waitaliano humkumbuka Bud Spencer, lile pandikizi la mtu mwenye ndevu, na mwenzake Terence Hill mwenye macho ya buluu. Katika Altrimenti ci arrabbiamo ya mwaka wa 1974, mkubwa wa majambazi anataka kunyakua uwanja wa michezo ya watoto ajenge ghorofa (mambo hayo Mkenya hahitaji kufafanuliwa!). Wawili hao wanamlima makofi pamoja na genge lake, bila damu, na watoto wanacheka hadi machozi. Jambazi wa namna hiyo haogopeshi mtu. Ni bwege mwenye suti.

Lattuada hakutupa raha hiyo.

Antonio, anayeigizwa na Alberto Sordi, ni msimamizi katika kiwanda huko Milano. Anampeleka mkewe Marta na binti zao wawili kijijini kwao Sisilia. Marta ni mtu wa kaskazini. Baada ya chakula anawasha sigara, na nyumba nzima inaduwaa. Baadaye anamsaidia wifi yake kuondoa masharubu, na tangu hapo anakuwa mtu wa nyumbani. Ucheke utakavyo, lakini mama mkwe huyo umewahi kumwona mahali.

Kisha Antonio anakwenda kumsalimu Don Vincenzo, mkubwa wa pale kijijini. Mzee huyu hapigi kelele wala hashiki bastola. Yeye husaidia watu. Baba yake Antonio alipokwama katika ununuzi wa kipande cha ardhi, Don Vincenzo ndiye aliyelimaliza jambo lile. Sasa anamwomba kijana fadhila moja ndogo tu.

Hapa ndipo unapoacha kucheka. Nani kati yetu hana mkubwa wa aina hiyo? Yule aliyempatia kijana wako kazi, aliyelipa karo, aliyesema neno moja na mpaka wa shamba ukasogea. Hakuandika deni popote. Kwa maoni yangu sinema hii inatufaa kuliko The Godfather, kwa sababu mtu wake si shujaa. Ni mfanyakazi mwenye adabu asiyejua namna ya kumwambia mzee "hapana".

Basi anafungiwa ndani ya sanduku na kupakiwa kwenye ndege hadi New York. Huko, katika kinyozi, anamuua mtu asiyemjua. Mkewe anaamini yuko mwituni anawinda.

Hakuna damu nyingi, lakini sehemu hiyo si ya watoto wadogo. Hao wawekee Bud Spencer. Wakubwa wakumbuke kwamba Mafia haikuwa hadithi tu: hakimu Giovanni Falcone aliuawa kwa bomu karibu na Palermo tarehe 23 Mei 1992, pamoja na mkewe na walinzi watatu.

Naye Antonio? Likizo imekwisha, amerudi kiwandani. Anamrudishia mwenzake kalamu aliyokuwa ameichukua kwa bahati mbaya. Mwenzake anamshukuru, na kumsifu kwa uaminifu wake.