Juu ya nini samaki wa bwawa wanabaki wadogo?

Wandugu wanafunzi, wengi kwetu wako na bwawa. Tunalisha tilapia, tunangoja, na siku ya kuvua wako kama kidole tu. Baba anasema: «Jirani ameroga bwawa.» Hapana! Tilapia anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi tatu hivi, na mama anachunga mayai kinywani, basi watoto wengi wanapona. Chakula ni kile kile, lakini vinywa vimezidi.

Tufanye namna gani? Weka samaki 2 tu kwa meta mraba moja. Vua vitoto mara kwa mara. Tilapia wakiisha kukomaa kidogo, ongeza kambale wadogo wachache, watakula vitoto. Kisha miezi 6 toa maji yote, uanze upya. Tusisemee jirani, tuhesabu samaki.