Ruhusa Hufuata Kazi, Si Cheo

Moodle ni mfumo wa kufundishia mtandaoni ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002. Leo unatumika katika vyuo vingi duniani, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Anachoweza kukifanya mtu ndani yake hutegemea wadhifa aliopewa, na kila wadhifa ni fungu la ruhusa ndogondogo: kuona alama, kufuta zoezi, kusajili mwanafunzi na kadhalika.

Juu kabisa yuko msimamizi mkuu, ambaye hakuna mlango unaomfungia. Chini yake yupo meneja, anayeingia kozi yoyote na kuibadilisha bila kusajiliwa humo. Kisha mtunzi wa kozi, anayefungua kozi mpya. Kisha mwalimu, anayepanga masomo, majaribio na alama za kozi yake. Yupo pia mwalimu asiyehariri. Huyu husahihisha na kutoa alama, lakini masomo yenyewe hayagusi. Ni wadhifa unaosahaulika kwa urahisi, ilhali ndio unaomfaa hasa mhadhiri msaidizi aliyeletwa kusahihisha tu.

Makosa mengi huzaliwa na heshima. Mkuu wa idara hupewa usimamizi mkuu kwa sababu ni mkubwa, na kumnyima kunaonekana utovu wa adabu. Kumbe anachohitaji ni kutazama ripoti. Akibonyeza pasipo, kozi nzima inaweza kufutika; nywila yake ikiibwa, mwizi ameshika chuo chote. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambayo bado haijapata mpinzani wa maana: kila mtumiaji apewe ruhusa zinazotosha kazi yake, basi. Kwa chuo cha kawaida, wasimamizi wakuu wawili au watatu wanatosha.

Heshima ya mkuu huyo inaweza kulindwa kwa njia nyingine, kwani uzito wa wadhifa hutegemea mahali ulipotolewa. Umeneja uliotolewa kwa mfumo mzima hushika kozi zote. Ukitolewa ndani ya kundi la kozi za idara moja, unaishia hapo. Vivyo hivyo mtu mmoja aweza kuwa mwalimu katika kozi hii na mwanafunzi katika ile.

Ruhusa yenyewe huweza kutolewa, kuzuiwa au kupigwa marufuku. Kilichozuiwa juu kinaweza kufunguliwa ngazi ya chini. Marufuku haitenguliwi, hata kama wadhifa mwingine wa mtu huyohuyo unaruhusu. Ndiyo maana inafaa itumiwe kwa nadra: msimamizi anaweza kupoteza asubuhi nzima akitafuta kwa nini mhadhiri hafungui zoezi lake mwenyewe.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Alama na namba za simu za wanafunzi ni taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria ya mwaka 2019 nchini Kenya na ya mwaka 2022 nchini Tanzania.

Wahadhiri wa muda huja na kuondoka, na akaunti zao hubaki. Wakati wa kumsajili mtu kwenye kozi, Moodle hutoa nafasi ya kuandika tarehe ya kikomo. Nafasi hiyo isiachwe tupu.