Mmea Utambaao wa Ndani: Jinsi ya Kuutunza Bila Kufuga Mbu

Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Mombasa kuna mmea wenye majani ya umbo la moyo, kijani yenye mabaka ya manjano, unaotambaa dirishani au kuning'inia kabatini. Wauzaji wa miche huuita "money plant". Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum. Ni mmea mvumilivu, na hata anayeanza kupanda maua huuweza. Tatizo ni kwamba wengi huuweka ndani ya chupa ya maji, au katika chungu kilichowekwa juu ya kisahani. Maji hayo yakiachwa yatuame, huwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue na chikungunya.

Mombasa inazijua homa hizi. Dengue ililipuka hapa mwaka 2013 na 2014, na tena 2017. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ukafuata mlipuko wa chikungunya. Mbu wa Aedes huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi kumkinga mtu.

Mwanga na mahali pa kuuweka

Asili ya mmea huu ni kisiwa cha Moorea katika Bahari ya Pasifiki, ambako hupanda miti mikubwa kwa mizizi ya hewani. Umezoea joto na kivuli chepesi. Uwekwe karibu na dirisha lenye mwanga, lakini si kwenye jua kali la alasiri, kwani majani huungua. Pakiwa na giza mno, mabaka ya manjano hufifia na shina hurefuka bila majani ya kutosha.

Anayetaka majani makubwa auwekee kijiti kilichofungwa makumbi ya nazi ili mizizi ya hewani ipate pa kushika. Ukiachwa uning'inie, majani hubaki madogo.

Udongo na maji

Chungu kiwe na tundu chini. Udongo wa bustani uchanganywe na mchanga pamoja na samadi iliyooza vizuri, ili maji yapite kwa urahisi.

Kabla ya kumwagilia, kidole kiingizwe udongoni kiasi cha sentimita 3. Kukiwa na unyevu, subiri. Kukiwa kukavu, mwagilia hadi maji yatokee kwenye tundu, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Mmea huu hufa zaidi kwa maji mengi kuliko kwa kiu: majani hugeuka manjano na mizizi huoza. Kisahani kinaweza kujazwa mchanga ili maji yasisimame.

Ukiwa ndani ya chupa

Kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chenye kifundo kimoja au zaidi, huota mizizi majini baada ya wiki chache. Kifundo ndicho kinachotoa mizizi, kwa hivyo lazima kizame. Mizizi ikishakuwa mirefu, ni salama zaidi kuuhamishia udongoni.

Anayependa kuuacha majini azingatie haya:

- Maji yabadilishwe kila baada ya siku 4 au 5. Katika joto la Pwani, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi.
- Chupa isuguliwe ndani kwa brashi. Mayai ya Aedes hushika ukutani mwa chombo na huweza kukaa miezi mingi bila maji, kisha yakaanguliwa yanapoloweshwa. Kumwaga maji pekee hakuyaondoi.
- Maji yenye viluwiluwi yamwagwe kwenye ardhi kavu, si kwenye mtaro.

Watoto na wanyama

Utomvu wa mmea huu huwasha. Mtoto akitafuna jani, mdomo na ulimi huchoma na huweza kuvimba. Asuuzwe mdomo kwa maji safi. Akivimba koo au akipata shida ya kupumua, apelekwe hospitali mara moja. Paka na mbwa pia hudhurika, kwa hivyo mmea uwekwe mahali wasipofikia, na anayeukata anawe mikono.

Dalili za kuangalia

Mtu akipata homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho au maumivu makali ya viungo, afike kituo cha afya kilicho karibu akapimwe. Kabla ya kupimwa asitumie aspirini wala ibuprofeni, kwani mgonjwa wa dengue akizitumia huwa katika hatari zaidi ya kutokwa na damu.

Wakazi wanahimizwa kutenga siku moja kila wiki kukagua chupa, visahani, ndoo na matairi yaliyo nyumbani na uani. Mmea utastawi zaidi, na mbu watakosa pa kutaga.