Kijiti Kilichofanana na Karafuu

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja alirudi safari ya Kilwa, akaja afisini na kitu alichokiokota magofuni Songo Mnara: cheusi, kidogo, mfano wa msumari. Akasema, "Bwana Katibu, hii ni karafuu ya kale. Itangaze katika jarida letu." Sikuitangaza, naye hakupendezwa. Yafaa nieleze sababu.

Karafuu, kama tujuavyo, si tunda wala mbegu, bali ni tumba la ua. Ikiwa nzima twaitambua hata gizani, kwa vijino vyake vinne na kichwa chake cha mviringo. Ikiungua, kichwa huweza kudondoka na vijino kukatika, kikabaki kijiti tu. Na vijiti duniani ni vingi.

Huko Terqa, nchini Syria, wachimbaji waliona vitu vilivyoungua katika nyumba iliyoteketea yapata mwaka 1720 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Vikaitwa karafuu, na vitabu vingi vikanakili. Baadaye wataalamu wengine wakatia shaka. Karafuu ya Mantai, Sri Lanka, iliyotangazwa mwaka 2018, ni ya kati ya mwaka 900 na 1100. Tofauti yake ni zaidi ya miaka 2,500, na shaka yote ni juu ya vijiti vichache.

Basi mtaalamu hufanyaje? Udongo wa tabaka linalojulikana humiminwa majini, makaa mepesi yakaelea. Kisha mbegu hutazamwa kwa hadubini: kovu lilipoungana na mti, ganda, na vyumba vya ndani. Hulinganishwa na mbegu za leo zilizochomwa makusudi, maana moto hubadili umbo. Kwa njia hii Bibi Sarah Walshaw alionyesha kwamba kisiwani Pemba watu wa Tumbe ya kale walitegemea uwele, na wale wa Chwaka, waliokuja baadaye, mpunga.

Umri wa mahali nao husaidia. Tendaguru, karibu na Lindi, ina mabaki ya miaka milioni 150 hivi, na miti yake iliyojulikana sana ni ya jamaa ya misonobari. Anayedai kuona karafuu humo amekosea kabla hatujaitazama.

Na isipotambulikana? Mbegu iliyogeuka jiwe isiyojulikana mti wake huweza kupewa jina la Carpolithus, yaani tunda-jiwe kwa Kiyunani. Si aibu, ni kukiri kwamba ushahidi haujatosha.

Songo Mnara ulisitawi kati ya karne ya 14 na ya 16, na mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo karafuu ya kweli pale ingekuwa bidhaa ya jahazi, na habari kubwa. Lakini mwenzetu alikitoa kitu mahali pake, na tabaka lake halijulikani tena. Nilimshauri akipeleke kwa maafisa wa Mambo ya Kale na kuwaonyesha alipokiokota.

Ukiona kitu cha namna hiyo, usikichokoe. Weka alama, upeleke habari. Gunia lililochanganyika makonyo hatuliiti karafuu safi. Basi tusikipe kijiti jina tusilolithibitisha.

Wassalaam,
Katibu